Siri ya mgonjwa si ya kuanikwa kwenye simu

Jioni moja nilipokuwa nikijiandaa kufunga kliniki, aliingia kijana ambaye sikuwa nimemwona kwa muda wa miezi tisa. Nilimtambua kwa sauti tu. Mwili ulikuwa umekwisha, koti lilimning'inia kama lililotundikwa kwenye msumari, na kila alipojaribu kusema neno alishikwa na kikohozi.

Kijana huyu ni mwalimu. Ameniruhusu nisimulie kisa chake mradi nisitaje jina lake, shule yake wala mtaa anakoishi. Miezi tisa kabla ya jioni hiyo alikuwa amepimwa katika maabara moja ya kibinafsi hapa mjini, akapatikana na virusi vya Ukimwi. Jambo hilo halikumvunja moyo. Tulizungumza kwa kirefu, akakubali kuanza dawa, na kweli akaanza.

Kilichomvunja moyo ni simu. Mfanyakazi mmoja wa maabara ile alikuwa ameipiga picha orodha ya majibu ya siku hiyo ili amtumie mwenzake aliyekuwa akiingia zamu ya usiku. Kidole kikateleza, na picha ikaenda kwenye kundi la WhatsApp lisilohusika. Katika kundi hilo alikuwamo mtu aliyemfahamu mke wa mwalimu mwingine wa shule ile ile. Kufikia Jumatatu asubuhi, chumba chote cha walimu kilikuwa na habari. Hakuna aliyemwambia lolote. Aliona tu kwamba kikombe chake cha chai kimetengwa peke yake pembeni mwa sinia.

Je, alifanya nini? Aliomba uhamisho, akatupa dawa zake chooni, akaapa kwamba hatakanyaga tena mlango wa daktari. Aliporudi kwangu jioni ile, alikuwa tayari ana kifua kikuu. Nashukuru kwamba alipona baada ya kumeza dawa kwa miezi sita, na leo anatumia dawa zake za virusi bila kukosa na anaendelea kufundisha. Hata hivyo, aliponea chupuchupu. Ukiniuliza ni kitu gani kilichokaribia kumuua, nitakwambia kwamba virusi vilikuwa na msaidizi, na msaidizi huyo alikuwa na simu mkononi.

Nimeamua juma hili niseme maoni yangu waziwazi juu ya siri ya mgonjwa, tarakilishi na sheria. Najua wengine hawatakubaliana nami, wakiwemo madaktari wenzangu.

SIRI NI SEHEMU YA TIBA

Watu wengi hudhani kwamba siri ya daktari ni adabu tu, kama vile kuvua kofia unapoingia nyumbani kwa watu. La, hasha. Siri ni sehemu ya matibabu, sawa na sindano na vidonge.

Daktari hutibu kwa kutegemea anachoambiwa. Mwanamume wa miaka hamsini huja akaniambia ana malaria, kumbe anachotaka kusema ni kwamba nguvu za kiume zimemwishia. Msichana wa miaka kumi na tisa hulalamika tumbo linamuuma, na ukweli ni kwamba amemeza dawa za kutoa mimba alizouziwa kichochoroni. Mtu kama huyo akishuku kwamba karani aliye nyuma ya mlango anasikia, au kwamba habari zake zitamfikia mjomba wake, ataniambia uongo. Nami nitautibu uongo huo kwa bidii zote, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea kumla.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ni kweli, lakini anayejifunua lazima kwanza amwamini anayemfunulia. Ndiyo sababu kiapo cha kale kinachohusishwa na Hippocrates wa Ugiriki, ambaye aliishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kiliwataka waganga wafunge vinywa vyao kuhusu wanayoyaona na kuyasikia kazini.

Siku hizo kinywa kilikuwa kimoja. Hebu tuvihesabu vya leo. Yuko karani wa mapokezi, muuguzi, mtaalamu wa maabara, muuzaji dawa, afisa wa bima, kampuni iliyouza programu ya tarakilishi, fundi anayeirekebisha inapokwama, na mfanyakazi wa ofisini kwako anayepokea barua ya daktari. Kati ya hao wote, ni wachache tu waliokula kiapo.

Nilipokuwa nikifanya mafunzo ya kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000, habari za mgonjwa zilikaa kwenye faili ya karatasi. Faili hizo zilipotea, zililowa na nyingine ziliguguniwa na panya. Lakini mtu aliyetaka kutoa siri ilimbidi aibebe faili kwapani na kupita nayo mbele ya bawabu. Leo siri za watu elfu moja hutoka langoni kwa kubonyeza mara moja tu.

SIPINGI TARAKILISHI

Msomaji asidhani kwamba ninataka turudi kwenye karatasi. Niliwahi kumpokea mzee aliyeanguka bafuni na kugonga kichwa. Aliletwa akiwa hajitambui, na jirani waliomleta hawakujua anatumia dawa gani. Faili yake ilikuwa katika hospitali nyingine ambayo ofisi yake ya rekodi ilifungwa saa kumi na moja. Tulikuja kugundua baadaye kwamba alikuwa akimeza dawa ya kuzuia damu isigande. Mtu wa aina hiyo akigonga kichwa, damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu bila kukoma, na kila dakika ina thamani. Rekodi ya tarakilishi ingetuambia hayo kwa nukta chache.

Kwa hivyo sikulalamika serikali ilipopitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali mnamo Oktoba 2023, wala Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024 na wananchi kutakiwa kujisajili upya. Mfumo mmoja wa rekodi unaoweza kusomwa Lodwar na Lamu ni jambo jema. Ninachouliza ni hiki: ni nani anayefungua rekodi hizo, na akizifungua bila sababu, ni nani atakayejua?

Tusijidanganye kwamba nchi tajiri zimelitatua tatizo hili. Mnamo Januari 2019, serikali ya Singapore ilitangaza kwamba majina na habari za watu 14,200 wenye virusi vya Ukimwi zilikuwa zimevujishwa kwenye intaneti. Aliyezivujisha hakuwa mdukuzi hodari aliyevunja kufuli kutoka mbali. Alikuwa Mmarekani ambaye mpenzi wake alikuwa daktari wa serikali, na daktari huyo alikuwa na ruhusa ya kuifungua orodha hiyo kwa sababu ya kazi yake. Kufuli ilikuwa nzima. Ni mwenye ufunguo aliyekosa uaminifu.

Finland yaliwakuta mabaya zaidi. Mwaka wa 2020, watu waliowahi kutibiwa katika vituo vya ushauri wa kisaikolojia vya kampuni ya Vastaamo walianza kupokea barua pepe kutoka kwa mtu asiyejulikana. Aliwataka walipe pesa, la sivyo angewatolea hadharani mambo waliyomwambia mshauri wao faraghani. Walioathiriwa walikuwa maelfu kwa maelfu. Mhalifu alikamatwa na mnamo 2024 akafungwa zaidi ya miaka sita, lakini neno likishatoka halirudi. Mtu akiibiwa pesa hufidiwa. Je, aliyeibiwa siri ya ndoa yake atafidiwa kwa kitu gani?

SHERIA ZASEMAJE?

Hapa Kenya hatuna upungufu wa sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na kinakataza habari za familia yake au mambo yake ya kibinafsi kudaiwa au kufichuliwa bila sababu ya lazima. Sheria ya Afya ya 2017 inasema kwamba habari za mgonjwa ni siri, isipokuwa pale ambapo ameridhia, mahakama imeamuru, au afya ya umma imo hatarini. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la zile zinazohitaji ulinzi wa pekee. Hospitali ikigundua kwamba data imevuja na kuna hatari kwa wahusika, yapasa imwarifu Kamishna wa Data kabla ya saa 72 kupita.

Mahakama zetu nazo hazijalala. Februari 2015, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza takwimu za watoto wa shule wenye virusi vya Ukimwi zikusanywe, pamoja na habari za walezi wao na za akina mama wajawazito. Nia yenyewe ilikuwa njema, kwani serikali ilitaka kupanga dawa na huduma. Lakini mashirika ya kutetea haki yalikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kukusanya habari hizo kwa namna inayomtambulisha mtu kulikiuka Katiba. Mimi naunga mkono uamuzi huo. Anayehesabu mbuzi ili ajue atanunua dawa kiasi gani hahitaji kujua jina la kila mbuzi.

Utakumbuka pia foleni ndefu za Agosti 2023 katika jumba la KICC, vijana wakisukumana ili mboni za macho yao zipigwe picha na kampuni ya Worldcoin, kwa malipo ya kama Sh7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Siwalaumu vijana wale. Mwenye njaa hana miiko. Lakini neno la siri la simu likiibwa utalibadilisha, ilhali mboni ya jicho hutapewa nyingine.

Kasoro ninayoiona ni ya adhabu. Sheria ya 2019 inamruhusu Kamishna kutoza faini isiyozidi Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya kampuni kwa mwaka, kutegemea ni kiasi gani kilicho kidogo. Msomaji, tia alama hapo penye neno "kidogo". Kliniki iliyoingiza Sh10 milioni kwa mwaka haiwezi kutozwa zaidi ya Sh100,000. Nalo shirika linaloingiza mabilioni haliwezi kutozwa zaidi ya Sh5 milioni, kiasi ambacho wakubwa wake huenda wakakiona kama gharama ya kawaida ya biashara. Bunge lingebadilisha neno hilo moja tu, "kidogo" likawa "kikubwa", ungeona jinsi mapazia yangenunuliwa upesi na maneno ya siri kubadilishwa.

JE, NIMWAMBIE MKEWE?

Sasa nafika kwenye jambo ambalo hutugawanya hata sisi wenyewe katika chumba cha chai cha madaktari. Mume ana virusi, mke hajui, na mume amekataa katakata kumwambia. Daktari afanye nini?

Sheria ya Ukimwi ya 2006, katika kifungu cha 24, ilimlazimisha mwenye virusi kumwarifu yule anayejamiiana naye, ikampa daktari nafasi ya kutoboa siri hiyo, na ikaweka adhabu ya jela. Machi 2015 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu hicho, ikisema maneno yake hayakuwa wazi na yaliingilia faragha. Wako wenzangu waliokasirika. Walisema kwamba mahakama imewaacha wake na waume wasio na habari wafe.

Nilipokuwa kijana ningekubaliana nao. Leo, baada ya kukaa na wagonjwa wengi, nina maoni tofauti. Daktari akijulikana mtaani kuwa anatoboa siri, anayeshuku kwamba ana ugonjwa hatakuja kupimwa. Asipopimwa hatatibiwa, na asipotibiwa ataambukiza. Kwa upande mwingine, sayansi imethibitisha kwamba anayemeza dawa vizuri hadi virusi vikawa haviwezi kuonekana katika vipimo vya damu, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kwa hivyo njia bora ya kumlinda mke ni kumshika yule mume asitoroke matibabu, na kumkalia mguu kwa mguu mpaka apate ujasiri wa kusema. Mara nyingi nimewaita wote wawili, nikakaa kati yao, na yeye mwenyewe akasema kwa kinywa chake. Ni kazi ya machozi, lakini inafanya kazi.

Hata hivyo, siri ina mpaka. Mnamo 1969, katika jimbo la California, Marekani, kijana mmoja alimuua msichana ambaye tayari alikuwa amemwambia mshauri wake wa kisaikolojia kwamba angemuua. Msichana hakuonywa. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua mwaka wa 1976 kwamba mtaalamu anapojua mgonjwa wake ni hatari kwa mtu fulani, ana wajibu wa kumlinda mtu huyo. Naafiki. Mtu akiniambia anakwenda kumkata jirani yake kwa panga, au nikigundua kwamba mtoto anadhulumiwa nyumbani, sitajificha nyuma ya kiapo. Lakini nitamwambia anayehusika peke yake, na nitamwambia lile tu linalohitajika kuokoa maisha.

Na mume anayekuja dirishani kudai majibu ya mkewe kwa sababu ndiye aliyelipa? Jibu langu huwa fupi. Aliyelipia matibabu hajanunua siri. Mwajiri naye namwambia vivyo hivyo. Anayo haki ya kujua kama mfanyakazi anaweza kufanya kazi, na kama ni lazima apumzike siku ngapi. Jina la ugonjwa halimhusu.

SISI PIA TUNA MAKOSA

Ingekuwa unafiki kumaliza bila kukiri langu. Miaka kadhaa iliyopita nilipiga picha kidonda ambacho sikukielewa, nikaituma kwenye kundi la madaktari ili nipate ushauri. Ushauri niliupata, na ulimsaidia mgonjwa. Usiku nilipoitazama tena picha hiyo, niliona kwamba kadi ya mgonjwa ilikuwa imelala pembeni mwa mguu, jina na nambari ya simu vikisomeka wazi. Niliifuta, lakini watu sitini walikuwa wameshaiona. Kesho yake nilimwita nikamweleza na kumwomba radhi. Alinisamehe. Si kila mtu angenisamehe, na wala si lazima.

Tangu siku hiyo nimeweka kanuni kwenye kliniki yangu. Kila mfanyakazi ana neno lake la siri na haruhusiwi kulikopesha, na tarakilishi huandika ni nani aliyefungua rekodi gani na saa ngapi. Mgonjwa haulizwi shida yake mbele ya foleni. Simu za kibinafsi haziingii maabara. Kanuni hizi hazigharimu pesa nyingi, kwa hivyo sioni kisingizio cha hospitali kubwa.

Nawe msomaji una kazi yako. Kwanza, karani akikuuliza mbele ya umati "unaumwa na nini?", mjibu kwa upole kwamba utamwambia daktari. Pili, unapopewa fomu ya kutia sahihi, uliza habari zako zitakwenda kwa nani, na ni kwa nini. Sheria inakupa haki ya kujua, ya kuona rekodi zako, na ya kutaka makosa yaliyomo yarekebishwe. Tatu, siri yako ikivujishwa usijifungie nyumbani kama alivyofanya yule mwalimu. Unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, na kama ni daktari aliyekosea, kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC). Unaweza pia kudai fidia. Na lolote litokee, usiache dawa.

Nne, na hili ndilo gumu zaidi, picha ya mgonjwa au ya majeruhi wa ajali ikifika kwenye simu yako, ifute. Usiitume mbele hata kama umeandika "tumwombee". Yule aliyeipokea picha ya majibu ya mwalimu wetu hakuwa mtu mbaya. Alimwonyesha rafiki mmoja tu. Rafiki naye akamwonyesha mwingine mmoja tu.

Mwalimu alikuja kuchukua dawa mwezi uliopita, akiwa amenenepa na kicheko kimemrudia. Kabla ya kuketi aliitazama tarakilishi iliyo mezani kwangu, akaniuliza kwa mzaha, "Daktari, hiyo imefungwa?" Niliigeuza ili aone mwenyewe. Hakuketi mpaka alipohakikisha. Nami sikumlaumu.